Nadharia tete: tatizo liko kwenye "tete"

"Nadharia tete yangu ni kwamba urefu wa uzi utaathiri pendulamu." Sentensi hii nimekutana nayo tena juzi, kwenye mpango wa jaribio la fizikia wa mwanafunzi wa sekondari; pendulamu ni kitu kizito kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea. Kila msimu wa miradi hunirudia, mwaka huu uzi, mwaka jana springi.

Nadharia tete ni kauli kuhusu uhusiano wa vitu vinavyopimika, inayotolewa kabla ya kupima, na ambayo vipimo vinaweza kuikataa. Maana ndiyo hiyo.

Kinachonikera ni kwamba neno "tete" limeachwa kama pambo. "Nadharia" tumeipata kutoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kutazama, mzizi uleule wa "nadhari". Tete nayo ina sura mbili. Nafaka tete ni ile ambayo punje zake zimeshaumbika ila hazijakomaa. Ukiibinya kwa ukucha inapasuka na kutoa maji meupe. Halafu kuna ile ya taarifa ya habari: hali ya usalama bado ni tete, yaani hata jambo dogo laweza kuivuruga.

Wengi hushika sura ya kwanza pekee, wakadhani nadharia tete ni nadharia changa inayosubiri kukomaa. Sivyo. Nadharia ni maelezo mapana yanayobeba mambo mengi kwa pamoja, na kutoka humo unaweza kuchuma nadharia tete nyingi za kujaribu. Hata zikifaulu zote, hakuna hata moja inayopandishwa cheo. Mimi nashikilia sura ya pili: kauli iwe rahisi kuvunjika, na mwandishi wake aseme mapema itavunjwa na nini.

Rudi kwenye uzi wetu. "Utaathiri" haivunjwi na chochote isipokuwa uzi usiobadili kitu kabisa. Muda wa kubembea ukiongezeka, sawa. Ukipungua, sawa pia. Sasa mwenzake akiandika kwamba muda wa kwenda na kurudi unakua sawia na urefu, huyo amejiweka hatarini. Uzi wa sentimita 25 huchukua karibu sekunde 1. Kwa kauli yake, wa sentimita 100 unapaswa kuchukua sekunde 4. Akipima atapata 2, kwa sababu muda unafuata kipeuo cha pili cha urefu. Kauli imevunjika, na jaribio limefanya kazi yake vizuri kuliko la yule wa kwanza.

Tena kauli ya namna hiyo inapanga jaribio yenyewe. Inakuambia uchukue nyuzi za urefu unaotofautiana sana, maana kati ya sentimita 25 na 27 kauli mbili zinazoshindana zinatoa majibu yanayokaribiana mno. Inakuambia upime muda wa mibembeo 20 ya kwenda na kurudi kisha ugawanye kwa 20, kwa kuwa kidole chako huchelewa sehemu ya sekunde kila unapobonyeza saa. Na pembe ya kuachia iwe ndogo: ukianzia digrii 60 muda unarefuka kwa takriban asilimia 7, jambo ambalo Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyeamini kwamba pembe haibadilishi muda, hakulikubali. Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, ndiye aliyelionyesha kwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1673.

Kwa hiyo yule wa sekunde 4 asifute ukurasa wake na kuandika upya kana kwamba alijua tangu mwanzo. Aache kauli ilivyo, aandike chini yake: "Vipimo vimeikataa." Na aliyepatia naye asiandike "nimethibitisha nadharia tete", maana nyuzi sita hazithibitishi nyuzi zote. "Vipimo vyangu havikuikataa" inatosha kabisa.