Mfumo endeshi huria katika ofisi za umma: anzeni na nyaraka, kompyuta zitafuata

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mtumishi aliyewasha kompyuta kesho yake asubuhi hakuona tofauti yoyote: mashine iliwaka, dokezo likaandikwa, printa ikachapa. Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Tundu la usalama likigunduliwa sasa kwenye mfumo huo, kiraka hakiji tena, isipokuwa kwa aliyejiunga na utaratibu wa kuongezewa muda, ambao taasisi huulipia kwa kila kompyuta. Windows 11 nayo ina masharti yake. Inataka chipu ya usalama ya TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inataka kichakata cha kizazi cha nane kwenda juu. Vichakata hivyo vilianza kutoka mwaka 2017, kwa hiyo kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kabla ya hapo haipiti, hata kama ni nzima na inafanya kazi vizuri.

Ndiyo maana swali lililokuwa la wapenzi wa kompyuta peke yao sasa limefika kwenye meza za maofisa masuuli. Je, taasisi ya umma inaweza kuacha Windows ikatumia mfumo endeshi huria kama Ubuntu au Debian? Mimi ni mtaalamu wa TEHAMA katika taasisi ya mafunzo hapa Dodoma, na jibu langu ni ndiyo, inaweza. Tatizo ni kwamba wengi huanzia mwisho. Hufuta Windows kwanza, kisha hugundua kuwa kilichokuwa kimewafunga ni nyaraka zao, printa zao na mazoea ya miaka mingi, na hivyo vyote bado vipo palepale.

Tuanze na kitu chenyewe. Mfumo endeshi ni programu inayosimamia mashine nzima, kuanzia kibodi na diski hadi mtandao. Ukiwa huria, msimbo wake uko wazi, na leseni yake inamruhusu yeyote kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Kiini cha Linux, ambacho Ubuntu na Debian zimejengwa juu yake, kilianza mwaka 1991, kazi ya Linus Torvalds aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mtumishi anayesema hajawahi kukitumia huenda anacho mfukoni, maana simu za Android zimejengwa juu yake. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Ubuntu, ambayo ndiyo wengi huanza nayo, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Kila ninapolieleza, swali la usalama huwa la kwanza: kama msimbo uko wazi, mhalifu naye si anauona? Anauona, na mlinzi anauona pia. Machi 2024 mhandisi mmoja, Andres Freund, alishangaa kuona kuingia kwenye seva zake za majaribio kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alifuatilia, akafungua msimbo, akakuta mtu amepenyeza mlango wa siri ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ. Mlango ule ulizibwa kabla haujasambaa kwenye matoleo makuu ya Linux. Tukio hilo lina pande mbili, na zote ni za kweli. Programu huria inaweza kuingiliwa, na kuwa huria peke yake si kinga. Lakini mtu ambaye hakuwa na cheo chochote katika mradi ule aliweza kufika hadi kwenye mzizi wa tatizo kwa sababu hakuna aliyemfungia. Kwa taasisi inayotunza taarifa za wananchi, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, haki hiyo ya kukagua ina uzito.

Upande wa virusi vya flashi unafuu upo, ingawa una mpaka. Vile virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato, ambavyo flashi huviokota steshenari na kuvileta ofisini, vimeandikwa kwa ajili ya Windows na kwenye Linux haviamki. Hata hivyo faili la kirusi hubaki ndani ya flashi likisubiri kompyuta inayofuata, kwa hiyo kazi ya kukagua flashi haiishi.

Sasa tuje kwenye kazi za kila siku. Miaka kumi iliyopita kikwazo kikubwa kilikuwa mifumo ya serikali yenyewe. Leo sehemu kubwa ya mifumo hiyo inafunguliwa kwa kivinjari: ununuzi kupitia NeST, malipo kupitia MUSE, tathmini ya utendaji kupitia PEPMIS. Firefox iliyo ndani ya Ubuntu inafungua kurasa hizo kama inavyofanya kwenye Windows. Mhasibu anayeshinda ndani ya MUSE siku nzima anaweza kubadilishiwa mfumo endeshi na suala lake kubwa likawa wapi pa kubofya ili aone folda zake.

Shida iko masijala na kwa mwandishi mwendesha ofisi. Chukua barua moja ya kawaida iliyoandikwa kwa Microsoft Word na uifungue kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi inayotumika mahali pa Microsoft Office. Nembo ya Taifa imeshuka hadi kugusa anwani. Kumb. Na. imehamia mstari wa chini. Kichwa kinachoanza na YAH: kimekatika katikati, na sahihi ya Mkurugenzi imebaki peke yake ukurasa wa pili. Mtumishi akiona hivyo mara mbili anaamua kuwa programu hii ni mbovu, na ni vigumu kumlaumu, kwa sababu barua ile inatakiwa itoke saa sita.

Ukichunguza utakuta sababu mbili. Ya kwanza ni fonti. Barua iliandikwa kwa Calibri au Times New Roman, na fonti hizo ni mali ya wenyewe, hazimo kwenye Linux, hivyo programu imeweka nyingine yenye upana tofauti na mistari ikasogea. Dawa yake ni fonti huria zilizochongwa kwa vipimo vilevile: Carlito hukaa mahali pa Calibri, na Liberation Serif hukaa mahali pa Times New Roman. Zikiwepo, sehemu kubwa ya vurugu hiyo inatulia. Sababu ya pili ni mkono wa mwandishi. Ili kuisukuma anwani upande wa kulia amebonyeza kitufe cha nafasi mara thelathini, na ili kuipeleka sahihi chini ya ukurasa amebonyeza Enter mara nane. Barua ya namna hiyo husimama vizuri kwenye kompyuta ileile ilikoandikiwa. Ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine, hata yenye Word toleo tofauti, inaweza kuvunjika.

Hapo ndipo mradi wa kuhama unapopaswa kuanzia. Kabla hujagusa mfumo endeshi, weka LibreOffice kwenye Windows zilezile mlizonazo, kwa kuwa inafanya kazi huko pia. Tengenezeni violezo vya barua, dokezo na muhtasari wa kikao kwa kutumia mitindo na mpangilio wa aya, si nafasi. Amueni kuwa nyaraka mpya zinahifadhiwa katika ODF, muundo huria wa mafaili ya ofisi, ambao umekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko ya bei. Muhtasari wa Baraza la Madiwani au fomu ya kiwanja ni mali ya umma, na mwananchi wa Chamwino au Kongwa hapaswi kulazimika kununua programu ya kampuni fulani ili afungue fomu ya halmashauri yake. Baada ya miaka thelathini nyaraka hizo zitatakiwa bado zifunguke, hata kama kampuni iliyotengeneza programu haipo.

Waliofuata mpangilio huo wamefika mbali. Gendarmerie, jeshi la ulinzi wa raia linalofanya kazi za polisi nchini Ufaransa, lilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu ya ofisi tu. Likafuata na kivinjari na barua pepe. Mwaka 2008 ndipo lilipoanza kuingiza Ubuntu, wakati watumishi tayari walikuwa wamezoea programu wanazozigusa kila siku. Leo zaidi ya kompyuta 70,000 za jeshi hilo zinatumia toleo lao la Ubuntu. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani nalo limeanza na LibreOffice kwenye kompyuta zake zipatazo 30,000, na mfumo endeshi unafuata nyuma.

Jiji la München, Ujerumani hiyohiyo, lina historia chungu zaidi. Liliamua kuhama mwaka 2003, na kufikia 2013 karibu kompyuta 15,000 zilikuwa kwenye Linux. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura ya kurudi Windows. Siasa ilikuwepo, lakini malalamiko ya nyaraka kutopatana na za taasisi nyingine yalikuwepo pia, na idara za TEHAMA zilikuwa zimegawanyika. Ukitaka kuhama peke yako huku kila unayeandikiana naye yuko upande mwingine, utaumia. Kwa bahati nzuri sisi tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka ya Serikali Mtandao hapahapa Dodoma yenye jukumu la kuratibu, kwa hiyo taasisi isianze jambo hili kimyakimya bila kuishirikisha.

Kuhusu vifaa nitasema kwa ufupi. Printa nyingi mpya za mtandao zinakubali Linux bila shida. Wasumbufu ni zile mashine kubwa za kunakili zenye namba za siri za kila idara, na vifaa vya mahudhurio vya alama za vidole ambavyo programu yake ni ya Windows pekee. Mhandisi anayechora kwa AutoCAD naye aachwe alivyo. Hakuna aibu kubakiza kompyuta chache za Windows kwa kazi hizo, mradi ziwe za leseni halali na zenye visasisho. Windows ya kukraki, ambayo huja na programu ya kuvunja leseni isiyojulikana imetoka wapi, ni hatari kuliko chochote nilichokitaja hapa.

Linux haina ada ya leseni, lakini kazi ya kuhama inagharimu. Kuna mafunzo, na hayamaliziki kwa semina ya siku moja. Kuna mtu wa kupokea simu katika wiki za mwanzo, na hapo wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kusaidia sana kitengo chenye maofisa wachache. Kuna seva moja ya ndani ya kuhifadhi visasisho, ili kompyuta hamsini zisishushe faili lilelile mara hamsini kwenye intaneti ya halmashauri. Taasisi ikiichukua fedha yote ya leseni iliyookolewa na kuipeleka kwenye mafuta ya magari, mradi utakufa, na Linux ndiyo italaumiwa.

Kwa wanaoandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1, liko jambo la kufanya hata kama hamjaamua kuhama. Katika maelezo ya kiufundi ya kila printa, skana, kifaa cha mahudhurio na kompyuta mnayotangaza, andikeni kuwa kifaa kifanye kazi kikamilifu kwenye Windows na kwenye Linux, na mzabuni athibitishe hilo kwa majaribio kabla ya kupokelewa.