Wasamaria wema, msimnyanyue kwanza

Taarifa za ajali redioni zina mtindo wake: bodaboda imegongana na gari, dereva ameumia vibaya, "akakimbizwa hospitali na wasamaria wema". Basi, taarifa imekwisha. Mimi nafundisha huduma ya kwanza, na kazi yangu yote imo ndani ya hilo neno "akakimbizwa".

Wasamaria hatuna uhaba nao. Boda akianguka, nusu dakika haipiti kijiwe kizima kimeshafika, na mama ntilie kaacha sufuria jikoni. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Ndivyo ilivyo kila mahali: aliye karibu ndiye mwokoaji. Tunachokosa ni mtu mmoja wa kupaza sauti na kusema "ngojeni kwanza", kwa sababu huruma yetu ina haraka, na haraka hiyo humshika majeruhi makwapani na miguuni, ikamkunja katikati kama godoro.

Kabla ya majeruhi, barabara

Anayekimbilia katikati ya lami bila kutazama nyuma anaongeza idadi ya majeruhi. Mtume mtu akate matawi ayapange barabarani, na umtume kwa kumnyooshea kidole: "Wewe kaka mwenye fulana nyekundu." Ukisema "jamani mtu akate matawi", kila mmoja atamsubiri mwenzake. Dereva yeyote wa huku anajua maana ya majani mabichi juu ya lami. Yaanzie hatua 50 kutoka kwenye ajali kwa barabara ya mtaani, hatua 100 au zaidi kwa barabara kuu, pande zote mbili. Kosa la kawaida ni kuyaweka baada ya kona, ambapo dereva akiyaona ameshawafikia. Yakae kabla ya kona. Usiku, mwenye tochi asimame ukingoni, asisimame mbele ya magari. Na mkimaliza yaondoeni. Matawi yaliyosahauliwa humwangusha boda wa saa mbili baadaye.

Pikipiki iliyolala izimwe kwa ufunguo, kisha funga koki ya mafuta. Kwa pikipiki nyingi za boda iko chini ya tangi, upande wa kushoto. Sigara hapana. Likiwa ni lori la mafuta lililopinduka, mashauri yangu mengine yote yafute: ondokeni, na waondoeni wenye madumu. Sachang'wan, Kenya, mwezi Januari 2009, walikufa zaidi ya watu 100. Sange, Kongo, Julai 2010, zaidi ya 200. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya 100. Kote huko lori lilianguka, mafuta yakamwagika, watu wakasogea, moto ukawakuta.

Damu

Mtu mzima ana damu kama lita 5, yaani dumu moja la mafuta ya kula. Akimwaga lita 2 yuko pabaya, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika unaweza kuyamaliza maisha ndani ya dakika 5. Hakuna gari la wagonjwa litakalowahi dakika hizo. Mkono wako utawahi.

Itafute damu kwanza. Suruali ya jinzi nyeusi huificha, na koti la boda nalo huificha. Pitisha kiganja chini ya mapaja, mgongoni, kwapani, kisha kitazame. Ukikuta damu inaruka kwa mapigo, au inatengeneza dimbwi, acha mengine yote.

Kunja kanga, bonyeza juu ya kidonda kwa viganja viwili, mikono imenyooka, uzito wa mwili wako ukiwa juu yake. Kubonyeza kwa vidole viwili kama unajaribu embe hakusaidii. Kaa hivyo dakika 10 ukizitazama kwenye saa, bila kufunua. Hapo ndipo watu hukosea: baada ya dakika moja mtu anainua kitambaa "aone kama imeacha", na donge la damu lililoanza kujijenga linang'oka nacho. Kanga ikilowa, ongeza nyingine juu yake. Ya kwanza usiitoe. Kidonda kikiwa kirefu kwenye kinena au kwapa, sokomeza kitambaa ndani yake mpaka kijae, ndipo ubonyeze. Inatisha, na majeruhi atapiga kelele. Msemeshe: "Pole kaka, nazuia damu, usiondoe mkono wangu."

Kufunga mkono au mguu ni hatua ya mwisho, pale ambapo kubonyeza kumeshindwa au kiungo kimekatika. Kunja kanga iwe na upana wa vidole vitatu, uifunge juu ya kidonda, upande wa mwilini, ukiacha nafasi ya vidole vinne, na isikae juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo moja, laza kijiti kigumu au spana juu yake, funga tena, kisha zungusha mpaka damu ikome. Kisha kifunge kijiti kisirudi nyuma. Andika saa kwa kalamu juu ya ngozi, na msilegeze njiani hata akilia, kazi hiyo ni ya hospitali.

Vijana wa kijiweni hukimbilia ule mpira wa tyubu wanaofungia mizigo. Nia ni njema, lakini ukifungwa kwa kulegea ni afadhali usingefungwa. Mpira uliolegea huziba mishipa inayorudisha damu moyoni, mishipa inayoileta haijaguswa, basi damu inaendelea kuingia na njia pekee ya kutokea ni kidondani. Waya na kamba nyembamba hukata nyama. Na shingo haifungwi kamwe, hata iweje.

Mfupa uliotokeza usiurudishe ndani. Kipande cha kioo au chuma kilichochoma usikichomoe. Huenda ndicho kizibo.

Anayekoroma hajalala

Kundi likisikia majeruhi anakoroma hupata faraja: "Kalala tu, atazinduka." Mkoromo wa mtu aliyepigwa kichwani maana yake ulimi umerudi nyuma na hewa inapita kwa taabu. Piga magoti nyuma ya kichwa chake, weka vidole nyuma ya pembe za taya, chini ya masikio, uyasukume mbele bila kukipindua kichwa. Mkoromo ukikoma, umefanikiwa, na ubaki hapo hapo. Kuachia na kuanza tena hakufai.

Akitapika, mgeuzeni ubavu. Inataka watu wanne: mmoja kashika kichwa kwa mikono miwili, mwingine bega, mwingine nyonga, mwingine miguu. Aliyeshika kichwa ndiye anayehesabu, na mwili ugeuke wote pamoja kama gogo. Ukiwa peke yako na anatapika, mgeuze tu kadiri uwezavyo. Tunalinda shingo, lakini asiyepumua hana haja nayo.

Helmeti iache kama anapumua vizuri na uso unauona. Ikibidi kuitoa, ni kazi ya wawili: mmoja ameshika taya na kisogo kutokea chini, mwenzake amekata ukanda, anapanua kingo za helmeti kwa mikono na kuivuta polepole. Mtu mmoja akiivuta peke yake anavuta na shingo.

Kisha kuna maji. Huyu anamwagia usoni, yule anamletea ya kunywa. Kiu ni dalili kwamba damu imepungua. Majeruhi ataomba maji kwa sauti ya kukuumiza roho. Usimpe, wala soda, wala chai. Aliyezimia nusu humeza kwenda mapafuni, na anayesubiri upasuaji anatakiwa tumbo tupu. Lowesha kitambaa umpanguse midomo. Akitoka jasho la baridi na viganja vikapauka, mfunike kanga hata kama ni mchana wa Dar.

Kanga kwenye tairi

Aina hii ya ajali ina namna yake na haifundishwi vya kutosha. Mama kakaa upande, pindo la kanga au mtandio limeingia kwenye spoku za nyuma. Gurudumu linavuta, nguo inakaza shingoni au kiunoni, naye anaanguka kwa nyuma.

Zima injini, weka gia huru. Kama nguo imekaza shingoni, usihangaike na tairi: pitisha vidole viwili kati ya nguo na ngozi, na mwingine akate kwa kisu au wembe mahali ilipovutika, kati ya shingo na gurudumu, makali yakitazama nje. Mtu wa tatu ashike kichwa na mabega, maana nguo ikikatika anaporomoka. Kama ni kiunoni na anapumua, zungusha gurudumu kinyumenyume kwa mkono, taratibu. Kosa kubwa ni kuisukuma pikipiki mbele "ili ilegee". Ikienda mbele inakaza zaidi.

Mshikaki wa majeruhi

Mnaijua picha hii: dereva mbele, majeruhi katikati, msamaria nyuma amemkumbatia, kichwa kinayumba kila kwenye tuta. Tumeufanya mshikaki kuwa gari la wagonjwa. Mtu aliyepoteza damu akikalishwa wima, ubongo unakosa damu. Ulimi unarudi nyuma. Mfupa wa paja uliovunjika unasaga nyama kwa ndani. Bajaji haina urefu wa kumlaza mtu.

Tafuteni pikapu, au Noah iliyokunjwa viti. Machela ni mlango, ubao au benchi la mama ntilie. Watu watatu kila upande, wa saba kichwani, na wa kichwani anahesabu: moja, mbili, tatu, inua. Kanga mbili zilizoviringishwa zikae huku na huku ya kichwa kisicheze. Anayebonyeza kidonda anapanda naye, mikono haitoki. Dereva asifanye mashindano. Mwendo wa wastani usio na breki za ghafla unafaa zaidi. Kabla ya kuondoka, mmoja apige 112. Zimamoto na uokoaji Tanzania ni 114, na kwa Kenya 999 au 112.

Sikatai kwamba kuna barabara ambako gari hupita moja kwa saa. Huko, damu ikigoma kusimama, mpelekeni kwa chochote kilichopo, hata kama ni hiyo boda. Lakini hilo liwe uamuzi, lisiwe mazoea.

Simu na mifuko

Wema mmoja usiotajwa ni kumlindia mtu mali yake. Simu na pochi vikusanywe na mtu mmoja mbele ya mashahidi wawili, pesa zihesabiwe kwa sauti, kisha vikabidhiwe polisi au muuguzi, na uchukue jina la aliyepokea. Simu ikiwa na nywila, msiijaribu mpaka ijifunge. Subirini iite, itaita tu. Kitochi hakina tabu: angalia namba aliyopiga mwisho, au jina kama "Mama" au "Mke wangu".

Unapoongea, taja mahali kabla ya hali, kwa sababu ukianza na ajali anayesikiliza hatasikia tena jina la hospitali. "Shikamoo mama. Samahani, natumia simu ya mwanao, mimi ni mpita njia. Tunampeleka hospitali ya wilaya sasa hivi. Amepata ajali ya pikipiki, yuko na watu. Njoo na mtu mmoja, usije peke yako." Akikuuliza kama yu mzima na hujui, sema anahudumiwa. Kifo hakitangazwi na mpita njia. Picha nazo zisitangulie kwenye WhatsApp; kuna watoto huwaona baba zao kwenye makundi kabla simu haijapigwa nyumbani.

Hospitali na ile fomu

Wengi huogopa kugusa majeruhi kwa sababu ya PF3, fomu ya polisi. Msimamo wa Serikali ya Tanzania ni kwamba aliye hatarini hutibiwa kwanza, fomu inafuata. Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Ukikutana na ubishi mapokezini, usigombane. Omba muuguzi aliye zamu ya dharura aje amtazame majeruhi kwa macho. Mwambie matano: ameumia saa ngapi, ameumiaje, alikuwa na helmeti au la, alizimia au la, na mmemfanyia nini. Kama mmemfunga, mwonyeshe ile saa iliyoandikwa.

Kuhusu damu ya mtu mwingine. Zamani tulisema vaa mifuko ya rambo mikononi. Tanzania iliipiga marufuku kuanzia Juni 2019, kwa hiyo sasa nasema mfuko wa mkate, upo kila duka. Ukiguswa na damu kwenye kidonda au jichoni, osha: ngozi kwa sabuni na maji yanayotiririka, jicho kwa maji matupu. Kisha, ukiwa bado hapo hapo hospitali, waeleze. Dawa za kinga ya VVU huanza mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72.

Ile kanga ya mama ntilie mliyozuilia damu msiitupe jalalani ikiwa bado inafaa. Vaa mfuko, iloweke dakika 10 kwenye Jik, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, ndipo ifuliwe. Itapauka. Mnunulieni nyingine.