El Niño si tangazo la mvua: dhana potofu kuhusu utabiri wa hali ya hewa

Dhana: El Niño ikitangazwa, vuli itakuwa ya mafuriko

El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya Pasifiki ya kati na mashariki, maelfu ya kilomita kutoka Mombasa. Kwa vuli yetu, bahari iliyo mlangoni ndiyo yenye usemi zaidi. Watafiti hupima joto la uso wa Bahari ya Hindi katika maeneo mawili: la magharibi, kati ya longitudo 50 na 70 mashariki, na la kusini-mashariki, karibu na Sumatra. Kila eneo hulinganishwa na wastani wake wa majira hayo, kisha tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo fahirisi ya Dipoli ya Bahari ya Hindi. Ikikaa juu ya nyuzi +0.4 kwa wiki kadhaa, dipoli ni chanya.

Kwa kawaida hewa hupanda juu ya Indonesia, kwenye maji ya moto, na kushuka upande wetu. Hewa inayoshuka hubana mawingu yasikue. Dipoli ikiwa chanya, pepo za mashariki huimarika kwenye ikweta, maji baridi huibuka kutoka kilindini pwani ya Sumatra na Java, maji ya moto husogea magharibi, na hewa huanza kupanda huku kwetu.

Kumbukumbu zinalithibitisha hili. Mwaka 1961 hapakuwa na El Niño, lakini vuli ilifurika kiasi kwamba Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita 2. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu na wastani wake, lakini dipoli ilikuwa kali mno, mafuriko yakaja. Mwaka 1997 na 2023 zote mbili zilikutana, na madhara yake yanakumbukwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kali zaidi zilizowahi kupimwa, dipoli ikiwa ya kiasi tu, na vuli haikufikia ile ya 1997. Kwa hiyo ukisikia El Niño inakuja, uliza kwanza: dipoli inasemaje? Na usilivushe jibu hilo hadi masika. Masika hufungamana na bahari hizi kwa ulegevu, ndiyo maana kuyatabiri mapema ni kugumu zaidi.

Dhana: “Asilimia 60 ya mvua” ni mvua katika asilimia 60 ya eneo

La. Hali ya hewa ya mwanzo haijulikani kikamilifu, na kosa dogo hukua kila siku. Kwa hiyo kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, huendesha modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa mwenendo wa hewa, mara 51: moja kwa mwanzo usioguswa, na 50 kwa mwanzo uliobadilishwa kidogo. Zikitokea mara 31 zenye mvua mahali pako, hiyo ni takriban asilimia 60.

Utabiri wa msimu husomwa vibaya zaidi. Chukua mfano: juu ya wastani 45, wastani 35, chini ya wastani 20. Hapo hakuna aliyesema mvua itazidi kwa asilimia 45; hizo ni nafasi, kwa asilimia, za msimu kuangukia kila fungu. Miaka 30 ya kumbukumbu hupangwa kuanzia mkavu hadi wenye mvua nyingi na kugawanywa mafungu matatu. Bila taarifa yoyote, kila fungu lingepata 33. Katika mfano huu bado nafasi moja kati ya tano ni ya mvua haba, na mkulima anayejaza shamba zima mahindi ya muda mrefu ameipuuza. Tena jumla ya msimu haisemi mvua itagawanyika vipi: inaweza kumwagika kwa siku chache, kisha jua likachoma miche wiki mbili.

Dhana: Simu inajua mvua ya mtaa wangu saa tisa alasiri

Modeli ya dunia yenye gridi ya kilomita 9, yaani inayoigawa dunia katika miraba yenye upana huo, hutoa namba moja kwa eneo la kilomita za mraba 81. Ndani ya mraba kama huo kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, huchanganywa na miteremko yake na kuwa mlima mfupi. Wingu la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, kwa hiyo modeli hailioni. Hulikadiria kwa kanuni. Kanuni hizo mara nyingi huangusha mvua mapema, karibu na adhuhuri, wakati bara kwetu radi nyingi hupiga jioni. Siku ya radi, tazama mawingu yanavyojengeka na picha za setilaiti kuliko alama ya saa kwenye simu.

Dhana: Akili bandia imeondoa haja ya vituo vya hali ya hewa

GraphCast, modeli ya akili bandia ya mwaka 2023, hutoa utabiri wa siku 10 kwa muda usiofika dakika moja. Lakini ilijifunza kutoka kwa kumbukumbu za miongo kadhaa zilizojengwa kwa vipimo na modeli za fizikia, na kila utabiri wake unahitaji hali ya hewa ya sasa hivi kama mwanzo. Hali hiyo hutoka kwa setilaiti, ndege, meli, vituo vya ardhini, na puto zinazopaa kupima hewa kwa ajili ya saa tisa usiku na saa tisa alasiri, saa za Afrika Mashariki. Afrika ina vituo vichache mno vya puto kwa ukubwa wake, na kila puto lisiporushwa, modeli zote, za zamani na za akili bandia, huanza siku zikiwa na pengo lilelile juu yetu.