Hodi Isiyoitikiwa: Seva Inapokugomea

Wiki iliyopita nilipanda boti kwenda Shela, kisiwani Lamu, kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Alitaka picha mpya za vyumba kwenye tovuti yake. Nikakaa dakani, nikafungua laptopu, nikaingia waifai yake na kuita seva, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti, kwa SSH, njia salama ya kuiingia na kuiamuru. Kimya. Dakika mbili zikapita, ndipo kioo kikaandika "Connection timed out".

"Mwanangu, wameifunga?" akauliza. Kwenye simu yake, kwa bando, tovuti ilifunguka. Kwenye laptopu yangu haukuja hata ukurasa mmoja.

Kuingia seva ni kupiga hodi, na namna unavyojibiwa ndiyo inayokuonyesha pa kutafuta. Kimya mara nyingi kina maana mbili: umekosea nyumba, au kuna mlinzi anayeitupa hodi yako kabla haijafika ndani. "Connection refused" ni tofauti. Nyumba umeifikia, ila nyuma ya mlango ule hakuna anayesikiliza, au mlinzi amekukatalia waziwazi. Mara nyingi ni poti, yaani namba ya mlango: SSH kwa kawaida hutumia 22, lakini baadhi ya kampuni za hostingi huihamisha, na namba huwa kwenye barua pepe ya siku uliyofungua akaunti, ile isiyosomwa na mtu. Ukiona "Permission denied", umeshaulizwa "nani?" na jina, paswadi au ufunguo wako (faili la siri linalokutambulisha) haukukubaliwa. Hapo tatizo si mtandao.

Wengi wakikwama hukimbilia kubadilisha paswadi. Kimya hakitibiwi kwa paswadi! Mama naye alikuwa ameshaibadilisha, na kumbe balaa lilianzia hapo. Kompyuta ya mapokezi ilikuwa na programu ya kupandisha mafaili iliyohifadhi paswadi ya zamani, ikijaribu na kujaribu tena. Ulinzi kama Fail2ban huhesabu makosa. Usipobadilishwa mipangilio, makosa 5 yanatosha kuifungia anwani ya IP (namba inayotambulisha mtandao unaotumia) kwa dakika 10. Waifai yote ya nyumba hutoka kwa anwani moja, kwa hiyo nami nilifungiwa bila kosa. Kila kifungo kilipoisha, ile programu ilirudi kukosea.

Tuliizima. Nikahamia bando la simu yangu, yaani anwani nyingine, na seva ikaitika mara moja, kwa "Permission denied". Nilifurahi, na mama akanishangaa.

Lililobaki lilikuwa langu mwenyewe. Ufunguo nilikuwa nausoma moja kwa moja kutoka flashi, na SSH huukataa ufunguo wa siri unaoweza kusomwa na kila mtumiaji wa kompyuta. Flashi yangu imepangwa kwa mfumo wa FAT, haishiki ruhusa za mafaili, hata uandike chmod, amri ya kubadilisha ruhusa, mara kumi. Uhamishie kwanza ufunguo kwenye folda yako ya nyumbani, kisha chmod 600, yaani wewe tu uweze kuusoma na kuuandika. Ukikataliwa bado, ita tena kwa ssh -v, inayoeleza kila hatua, usome mstari kwa mstari ni ufunguo upi uliotolewa. Upande wa seva, folda ya .ssh iwe 700, yaani ya mwenyewe peke yake.

Picha zilipanda kabla ya adhuhuri.