Mtoto aliyeumia kichwa ajalini: msimalizane haraka

Gari au bodaboda ikimgonga mtoto hapa Kigoma, mazungumzo ya kumalizana huanza kabla mtoto hajaruhusiwa kutoka hospitali ya Maweni. Mwenye chombo analeta laki kadhaa, mwenyekiti wa mtaa anaitwa kushuhudia, karatasi inaandikwa kwamba "hakuna madai mengine". Mguu uliovunjika daktari anaweza kuukadiria mapema. Ubongo wa mtoto haukadiriki hivyo.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kupanga mambo, kujizuia na kutuliza akili, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mtoto wa miaka 4 akiumia hapo anaweza kurudi nyumbani anacheza kama kawaida. Upungufu unajitokeza darasa la tatu au la nne, anapotakiwa kunakili ubaoni huku akimsikiliza mwalimu, au kushika maagizo mawili kwa mpigo. Watamwita mtundu au mvivu. Kifafa nacho kinaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya ajali.

Fedha ya matibabu pokeeni, lakini stakabadhi iandikwe "kwa ajili ya matibabu tu". Mtoto wa chini ya miaka 18 hashtaki mwenyewe. Husimamiwa na mtu mzima, kwa kawaida mzazi. Kesi ikishafunguliwa, msimamizi huyo haruhusiwi kufikia mapatano bila kibali cha mahakama. Karatasi ya mtaani haina kibali hicho, ila wakili wa upande wa pili ataitoa tu, na mtapoteza muda kubishania sahihi.

Ushahidi mkubwa ni wa siku ya kwanza, na ukipotea haurudi. Mgonjwa mahututi hutibiwa kwanza, PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ifuate. Ombeni nakala ya faili ionyeshe alama za fahamu alizopewa alipofika: kipimo cha Glasgow huanzia 3 hadi 15, na 8 kushuka chini ni jeraha kali. Alama 14 zisiwatulize. Hata jeraha linaloitwa dogo linaweza kuacha madhara. Kama alipelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa CT-scan ya kichwa, chukueni picha pamoja na majibu ya maandishi, na tiketi za basi msizitupe. Gharama zilizokwishatumika mahakama inataka zithibitishwe moja moja. Maumivu na maisha yaliyoharibika hukadiriwa na hakimu mwenyewe.

Kitu ambacho wengi hawakumbuki ni shule. Ripoti za muhula za kabla na baada ya ajali, daftari la mahudhurio, na barua ya mwalimu inayosema mtoto alikuwa akisoma sentensi na sasa anasahau herufi, huonyesha badiliko ambalo picha ya kichwa haiwezi kulionyesha. Asiyeanza shule, tumieni kadi ya kliniki.

Dereva akikiri kosa la barabarani na kulipa faini, fedha hiyo ni ya serikali, mtoto hapati hata senti. Hata hivyo chukueni nakala ya hukumu: kutiwa hatiani kunarahisisha sana kuthibitisha uzembe kwenye kesi ya madai. Utetezi wa "mtoto alichomoka ghafla" utakuja tu. Mahakama haimpimi mtoto mdogo kwa tahadhari ya mtu mzima.

Bima ndogo, ile ya lazima, ndiyo inayogusa mtu wa tatu kama mtoto wenu, kwa hiyo msikatishwe tamaa na "sina bima kubwa". Kwa namba ya gari, hakikini stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na iandikieni kampuni ya bima mapema, kabla ya kufungua kesi. Stika ikiwa feki au imeisha, mwenye gari bado anadaiwa.

Muda wa kudai fidia ya uzembe ni miaka 3. Kwa mtoto hesabu husubiri afikishe miaka 18, lakini gharama ambazo mzazi anazidai kwa jina lake hazina nafuu hiyo: kwake saa imeanza siku ya ajali. Asiye na uwezo wa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, akianzia kuulizia kwenye ofisi za halmashauri.