Wasifu wa terpeni katika mmea wa bangi

Wasifu wa terpeni ni orodha ya terpeni zilizomo katika ua la bangi pamoja na kiasi cha kila moja. Terpeni ni viambata vya harufu vinavyoruka hewani upesi, na zile zilizo nyingi katika bangi zimo pia katika mimea mingine: limonini katika maganda ya machungwa, linaloli katika mrehani, mirsini katika mchaichai, kariofilini katika karafuu na pilipili manga. Aina mbili za bangi zinaweza kuwa na terpeni zilezile zikanukia tofauti kabisa, kwa kuwa kinachoamua ni ipi imezidi ipi.

Terpeni hutengenezwa ndani ya vinyweleo vyenye vichwa vya utomvu, ambavyo husongamana kwenye maua ya mmea jike, na kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kikemia, ambavyo maelekezo yake hurithiwa kupitia jeni. Kimeng'enya kimoja huweza kutoa terpeni zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kariofilini, kwa mfano, kwa kawaida huandamana na humulini, na mzalishaji wa mbegu anayetaka moja bila nyingine atahangaika sana.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa dume. Bangi ina mimea ya kike na ya kiume, na dume, kwa kuwa ana vinyweleo vichache vya utomvu, hata ukimnusa hutapata mengi. Mzalishaji hulazimika kuchukua chavua yake, kuwapandisha majike kadhaa, kukuza mabinti hadi watoe maua, kisha kuyapima maua hayo kwa mashine ya kromatografia ya gesi, inayotenganisha viambata na kuonyesha kiasi cha kila kimoja, ndipo ajue dume amerithisha nini. Maua hayo hayana budi kukaushwa kwa namna moja, kwa sababu terpeni nyepesi kama mirsini hutoroka mapema, na sampuli iliyokaa juani itaonyesha wasifu wa ukaushaji kuliko wa mmea.

Hata hivyo, harufu ya bangi haiishii kwenye terpeni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 ulionyesha kwamba ule mnuko mkali unaofanana na wa kicheche hutokana na viambata vya salfa, tena kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo anayechagua mbegu kwa kutazama terpeni peke yake anaweza kuupoteza bila kujua.

Mwaka huohuo utafiti mwingine, uliotumia sampuli za Uholanzi, ulibaini kwamba majina ya kibiashara "sativa" na "indica", ambayo wauzaji huyatumia kugawa bangi katika makundi mawili, hayaendani vizuri na nasaba ya mimea, ila yana uhusiano na terpeni chache tu, mirsini ikiwa mojawapo kwa upande wa indica. Mnunuzi anayeamini ananunua ukoo, kwa sehemu kubwa, ananunua harufu.