Viungo Vinauma: Je, Ni Tezi Zilizochoka, Ni Zebaki, au Ni Kitu Kingine?

Swali: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 52. Magoti na vidole vinauma, na naamka nimechoka kama niliyelima usiku kucha. Mtu wa tiba lishe ameniambia tezi zangu za adrenali zimechoka, ninunue virutubisho vya miezi sita. Ni kweli?

Nzuri, mama. Maumivu yako ni ya kweli na uchovu wako ni wa kweli. Nina shaka na jina ulilopewa. Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo, nazo hutengeneza kortisoli, homoni inayotusaidia kuhimili ugonjwa, njaa na mshtuko. Dai kwamba mawazo na kazi nyingi huzichosha tezi hizi lilienea kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipitia tafiti 58 zilizohusu jambo hilo, wakaona hakuna ushahidi kwamba ugonjwa wa namna hiyo upo. Kwa hiyo usitoe ada ya mtoto kununua makopo hayo.

Upo, hata hivyo, ugonjwa ambao tezi hizi hushindwa kazi kabisa. Unaitwa Addison, kwa jina la daktari wa London aliyeueleza mwaka 1855. Wakati mwingine kinga ya mwili huzishambulia tezi. Kwetu tusisahau pia kifua kikuu, ambacho huweza kuziharibu. Mgonjwa hukonda, hupata kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi, na misuli na viungo humuuma. Fizi na mikunjo ya viganja huwa myeusi kuliko alivyozoea. Kortisoli hupimwa kwenye damu, kwa kawaida asubuhi.

Swali: Mimi nilitumia dawa ya unga kutoka kwa muuzaji wa mtaani. Magoti yalipona siku ya pili. Nilipoacha yaliuma maradufu, nikawa natapika. Kwa nini?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi. Dawa ya "asili" inayotuliza magoti sugu ndani ya siku mbili nina kila sababu ya kuishuku kwamba imechanganywa na steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, mfano prednisoloni au deksamethasoni. Zote mbili ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua kipimo. Tatizo ni kuzimeza miezi mingi bila kujua.

Niliwahi kumpokea mama aliyefungua ncha ya kanga na kunionyesha vifurushi vya karatasi, kila kimoja na unga wa kijivu. Majirani walikuwa wakimsifu kwamba amenawiri. Mimi niliona uso umejaa mviringo, miguu imekuwa myembamba, na ngozi ya mikono inavilia damu kwa kuguswa tu. Sukari yake ilikuwa juu.

Mwili ukipewa steroidi kila siku, tezi za adrenali huacha kutengeneza kortisoli kwa sababu hazioni haja. Ukikatisha ghafla, huna ya dawa wala ya kwako. Ndipo viungo huuma, unatapika, presha inashuka, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo, kama umetumia unga huo wiki kadhaa, usiache kimyakimya. Beba kifurushi chenyewe uende hospitali, upunguziwe dozi kidogo kidogo chini ya uangalizi. Na usione aibu. Aliyekuuzia ndiye wa kuona aibu.

Swali: Mume wangu anachoma dhahabu huku Geita. Viungo vinamuuma na miguu inavimba. Inaweza kuwa zebaki?

Inawezekana imo, ila maumivu ya viungo peke yake si alama yake kuu. Zebaki, ile metali ya majimaji ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, huharibu mishipa ya fahamu na figo. Mwambie aandike jina lake: je, mwandiko unatetemeka? Je, vidole vina ganzi, usingizi umepotea, hasira zimekuwa za karibu? Kisha bonyeza kwa kidole gumba juu ya muundi. Kikibaki kishimo, hayo ni maji, na figo zipimwe. Wengi huleta miguu ya namna hiyo wakidhani ni maungio. Ila kubeba viroba vya mawe na kuchuchumaa kwenye mwalo, pale mnapooshea mchanga wa dhahabu, nako kunachakaza magoti bila sumu yoyote.

Kile kidonge cheupe cha dhahabu na zebaki kikichomwa, zebaki inageuka mvuke usio na rangi wala harufu, nao huenda mapafuni. Nakusihi, asikichomee jikoni, watoto wakiwapo. Kipimo kinachofaa kwa mvuke huo ni cha mkojo. Nawe angalia krimu yako ya kung'arisha ngozi: ukiona "mercury", "calomel" au "Hg", acha kuipaka.

Swali: Basi kwa kawaida viungo huumizwa na nini?

Kwa umri mkubwa, mara nyingi ni gegedu la goti, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kulika. Vidole vya mikono yote miwili vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, nafikiria baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo. Kidole gumba cha mguu kikiwaka usiku hata shuka haligusiki, hiyo ni jongo. Homa na viungo kwa pamoja vinanikumbusha chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ambao jina lake ni la Kimakonde, la kukunjamana kwa maumivu. Uligundulika kusini mwa Tanzania mwaka 1952, na maumivu yake huweza kudumu miezi. Anayekunywa maziwa mabichi apimwe brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Mtoto mdogo aliyevimba mikono na miguu apimwe selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mama wa miaka 52, wewe anza na vipimo vya wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo na baridi yabisi.

Swali: Lini nisisubiri?

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, huwezi kukikunja, na una homa, nenda siku hiyohiyo. Huenda kuna usaha ndani, na siku chache zinatosha kuharibu kiungo moja kwa moja. Usikikande, usikichue, na usingoje Jumatatu.